Kuhamia Kompyuta ya Aina Nyingine: Hatima ya Ritifaa katika Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza yanayozipata matini za Kiswahili pale mwenye nazo anapoacha kompyuta ya nyumbani ya aina moja na kuhamia ya aina nyingine. Mfano mkuu ni uhamaji kati ya Macintosh na kompyuta zinazotumia Windows. Inadaiwa kwamba alama inayohatarishwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ni ritifaa, na kwamba hasara kubwa hailetwi na uhamaji wenyewe bali na usafishaji wa haraka unaoufuata.

1.0 Utangulizi

Mtu anayebadilisha kompyuta ya nyumbani kwa kawaida hupima bei, kasi na ukubwa wa kumbukumbu. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, kilicho na thamani zaidi ya mashine ni matini zilizomo: tenzi zilizonakiliwa kutoka miswada, mahojiano ya uwandani, orodha za msamiati. Mashine inaweza kununuliwa tena; mahojiano na mzee aliyekwisha kufariki hayawezi kurudiwa.

Tatizo hili lina historia. Kompyuta binafsi ya IBM ilitolewa mwaka 1981 ikiwa na kichakataji cha Intel 8088. Macintosh ya Apple ilifuata Januari 1984 ikiwa na kichakataji cha Motorola 68000. Programu ya mojawapo haikuweza kuendeshwa na nyingine. Lakini tofauti iliyodumu zaidi haikuwa ya vichakataji. Ilikuwa ya namna kila upande ulivyoyaweka maandishi katika namba. Tofauti hiyo ndiyo inayojadiliwa hapa.

2.0 Kutoka kwenye Disketi hadi kwenye Mstari

Kikwazo cha kwanza kilikuwa disketi. Macintosh ya mwanzo ilitumia disketi za kilobaiti 400 zilizozungushwa kwa kasi inayobadilika, nazo hazikusomeka katika viendeshi vya kawaida vya upande wa IBM. Kuanzia mwaka 1988 Apple ilianza kutumia viendeshi vilivyoweza kusoma pia disketi za upande huo. Wengi walidhani kwamba kwa hatua hiyo tatizo limekwisha, kumbe lilikuwa limesogea tu kutoka kwenye chombo hadi kwenye maandishi yenyewe.

Kikwazo cha pili ni mwisho wa mstari. Katika maandishi matupu, yaani yasiyo na mapambo ya programu ya uandishi, Macintosh za wakati huo ziliukomesha mstari kwa msimbo 13 peke yake. DOS na Windows hutumia misimbo 13 na 10 kwa pamoja, na mifumo ya jamii ya Unix hutumia 10 peke yake. Macintosh nazo zilihamia desturi hii ya Unix zilipoanza kutumia Mac OS X, mwaka 2001. Katika nathari tofauti hii ni usumbufu mdogo. Katika ushairi ni jambo zito, kwa sababu mstari ndio mshororo. Utenzi wa beti mia moja uliofunguliwa na programu isiyoutambua msimbo huo huonekana kama aya moja ndefu: mishororo haionekani, beti hazihesabiki, na vina vya mwisho vimezama katikati ya maneno. Kwa bahati njema misimbo bado imo ndani ya faili, hivyo umbo la shairi hurudi mara tafsiri sahihi inapofanywa.

3.0 Ritifaa na Misimbo Yake

Kikwazo cha tatu ndicho kinachoigusa tahajia ya Kiswahili. Msimbo wa ASCII, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, una nafasi 128. Herufi zote za Kiswahili sanifu zinamo humo, na ndiyo sababu imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili hakina shida na kompyuta. Kauli hiyo ni ya kweli kwa herufi, lakini inaisahau alama moja. Sauti ya nazali ya kaakaa laini, inayosikika mwanzoni mwa neno ng'ombe, huandikwa kwa herufi mbili na ritifaa. Hapa ritifaa si alama ya uakifishaji bali ni sehemu ya uandishi wa fonimu.

Ritifaa iliyonyooka ina msimbo 39 katika ASCII, na msimbo huo ni uleule katika aina zote za kompyuta zinazojadiliwa hapa. Tatizo huanza pale programu ya uandishi inapoibadilisha yenyewe, ili ukurasa upendeze, na kuweka ritifaa iliyopinda. Alama hizo zilizopinda zimo nje ya ASCII, na kila upande uliziweka mahali pake:

Alama — Macintosh — Windows
Ritifaa iliyonyooka (') — 39 — 39
Iliyopinda, ya kufungua (‘) — 212 — 145
Iliyopinda, ya kufunga (’) — 213 — 146

Programu ya uandishi inayolitambua faili lake huweza kuibadilisha misimbo hii bila mtumiaji kujua. Lakini matini iliyohifadhiwa kama maandishi matupu haina cha kuitambulisha. Ikiwa imeandikwa kwa Macintosh ya zamani na kusomwa kwa msimbo wa Windows, neno ng'ombe huonekana ngÕombe, na ng'ang'ania huwa ngÕangÕania. Ikivuka kwa upande wa pili, ng'ombe huwa ngíombe. Mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, uliipa kila alama namba yake moja. Hata hivyo, matini ya Unicode iliyowekwa kwa UTF-8 ikisomwa kana kwamba ni ya msimbo wa Windows, ritifaa moja iliyopinda hugeuka alama tatu: ngâ€™ombe.

Ushairi unaongeza utata. Mshairi anayepunguza mizani huandika 'mefika badala ya amefika, na n'na badala ya nina. Programu inayopinda ritifaa yenyewe huiona ya kwanza kuwa imeanza neno, ikaipa umbo la kufungua. Ya pili huiona katikati ya neno, ikaipa umbo la kufunga. Hivyo alama ileile ya udondoshaji hupata misimbo miwili katika shairi moja, na baada ya kuhamishwa isivyo huonekana Ômefika na nÕna.

4.0 Athari kwa Uchambuzi wa Lugha

Msomaji mwanadamu akikuta ngÕombe hutabasamu na kuendelea. Programu ya kuchambua maneno haiwezi kufanya hivyo. Kwanza, huhesabu ng'ombe yenye ritifaa iliyonyooka na ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda kuwa maneno mawili. Pili, programu inayochukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno hulikata neno hilo na kupata ng na ombe, na umbo la pili huingia katika hesabu ya kitenzi omba. Tatu, upangaji wa maneno kwa kufuata namba za misimbo huweka ritifaa ya msimbo 39 kabla ya herufi zote, na ile ya 213 baada ya herufi zote. Maneno ya ng' hutawanyika pande mbili za orodha.

Makosa haya yote yana sifa moja njema: yanaonekana au yanaweza kugunduliwa. Kwa kuwa Kiswahili hakitumii Õ, kila palipo na alama hiyo panajulikana kuwa palikuwa na ritifaa. Hatari ya kweli hutokea pale mtafiti anapoudhika na alama hizo ngeni, akaiamuru programu izifute zote. Ukurasa huwa safi, lakini ng'oa imekuwa ngoa, neno la Kiswahili lenye maana ya wivu au tamaa; na ng'ara, herufi kubwa zikiwa zimegeuzwa ndogo kwa ajili ya hesabu, haitofautiani tena na Ngara, jina la wilaya ya mkoa wa Kagera. Kosa lililoonekana limebadilishwa kuwa kosa lisiloonekana, na hakuna msimbo uliobaki wa kulirudisha.

Kuzigeuza zote kuwa ritifaa iliyonyooka nako kuna mipaka yake. Katika matini zenye unukuzi wa maneno ya Kiarabu, alama ya kufungua hutumika kwa ain na ya kufunga kwa hamza. Mgeuzo wa jumla huunganisha konsonanti mbili ambazo mhariri alikusudia kuzitenga.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, hatua nne zinafaa kufuatwa. Kwanza, nakala ya mafaili ya awali ihifadhiwe bila kuguswa, hata baada ya mashine ya zamani kuondolewa. Pili, msimbo uliotumika utambuliwe kabla ya kubadilisha lolote. Maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ng'oa hutosha kuwa kipimo, kwa kuwa alama inayojitokeza ndani yake hutaja asili ya faili. Tatu, faili zima ligeuzwe kwa jedwali la misimbo kuwa Unicode, wala lisirekebishwe kwa macho, neno baada ya neno. Nne, idadi ya ritifaa za kila umbo na idadi ya mishororo zilinganishwe kabla na baada ya mgeuzo. Usanifishaji wa ritifaa, iwapo unahitajika, ufanywe mwishoni katika nakala tofauti, na uamuzi wake uandikwe.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dhana ya kuwa maandishi ya Kiswahili huvuka salama kutoka kompyuta ya aina moja hadi nyingine ni ya kweli kwa herufi tu. Ritifaa imebebeshwa kazi nyingi: kuandika fonimu, kuonyesha udondoshaji, na kusaidia unukuzi. Kompyuta huiona kuwa pambo la ukurasa, na mtafiti aliyechoka huiona kuwa takataka. Wote wawili wanakosea, lakini kosa la kompyuta hurekebishika. La mtafiti aliyefuta bila kuweka nakala halirekebishiki.