Waraka Uliosomewa Wasioufahamu

Katika mwaka 1513 mwanasheria wa mfalme wa Hispania, Palacios Rubios, alitunga waraka uitwao Requerimiento, usomwe mbele ya wenyeji wa Amerika kabla ya kupigwa vita. Wawataka watii Kanisa na mfalme. Wakikataa, watatiwa utumwani wao na wake zao na watoto wao, watanyang'anywa mali, na lawama ya vifo ni juu yao wenyewe. Nao ukisomwa kwa Kihispania! Mara nyengine ulisomewa miti na nyumba tupu, wenyewe wamekwisha kimbia. Twauliza: mtu asimamishiwa hoja vipi kwa lugha asiyoijua? Padri Las Casas, Mhispania mwenzao, alipousoma hakujua acheke au alie.