Hadiya ya Mwenye Kutaka Cheo, na Haki ya Asiyeamini

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Somo letu la leo lina milango miwili, na huenda msomaji akaona kuwa mmoja uko mbali na wa pili. Mlango wa kwanza ni rishwa, na khasa ile ivaayo kanzu ya hadiya wakati wa kuchagua viongozi. Mlango wa pili ni namna ya kukaa na mtu asemaye kuwa hakuna Mungu. Mimi nami nilikuwa nikiyasomesha mambo haya mbali mbali, hili katika mlango wa ukadhi na lile katika ilimu ya tauhidi, hata nilipotanabahishwa na mtu niliyemsomesha mwenyewe kuwa nyumba ni moja.

Ama rishwa, uharamu wake hauna khilafu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 188, yakataza watu kuliana mali kwa batili na kuzifikisha kwa mahakimu ili kula fungu la mali za wenzao kwa dhambi, nao wajua. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Abdullahi bin Amri kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rishwa na mwenye kuipokea. Mwulize mla rishwa yeyote wa mji wetu, atakusomea hayo kwa tajwidi. Hakuna aikanaye hukumu. Likanwalo ni jina. Huyu amepewa chai, yule nauli, yule wa tatu katolewa shukrani, na siku za uchaguzi ukifika mji mzima wala takrima.

Neno hili takrima ni neno zuri, nalo maana yake ni kumtukuza mgeni. Mwaka 2000 liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania, ikawa kile akitoacho mgombea kwa nia njema kwa njia ya ukarimu wa kimila hakihisabiwi kuwa rishwa. Na haya yalikuja baada ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, ambayo ilikwisha kueleza wazi jinsi rishwa, kubwa na ndogo, ilivyoingia katika kazi za serikali. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu kile, kwani chapingana na Katiba: tajiri na maskini hawawi sawa mbele ya wapigaji kura ikiwa mmoja aweza kuwakirimu na mwengine hawezi. Hivyo mahakama isiyohukumu kwa Minhaji ikafika karibu na pale alipofika Imamu Nawawi, ambaye alikufa mwaka 676 wa Hijra.

Kwani asemaje Imamu Nawawi? Asema kuwa kadhi akiletewa hadiya na mtu mwenye daawa mbele yake, ni haramu kuipokea. Na aletaye akiwa hana daawa, lakini hakuwa na ada ya kumpa hadiya kabla hajatawalishwa, ni haramu vile vile. Akiwa alikuwa na ada hiyo, naye hana daawa, yafaa kuipokea kwa kadiri ya ada yake ile, na bora ni kumlipa mfano wake. Tazama, ewe msomaji, jinsi mizani hii ilivyo nyepesi kuishika. Haikutaka upasue kifua cha mtu uone nia yake. Yakuuliza mambo mawili tu: alikuwa akikupa kabla ya hapo? Na sasa ana haja kwako?

Asili ya mizani hii ni khabari ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim kwa riwaya ya Abu Humaidi as-Saidi. Mtu huyu alitumwa kukusanya zaka, na aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi hadiya. Mtume (S.A.W.) akapanda juu ya mimbari akauliza mbona mtu yule hakukaa katika nyumba ya baba yake au mama yake, aone kama hadiya ingemfuata huko. Taqiyuddin as-Subki katika maimamu wetu alitunga risala mbali juu ya hadiya za wenye kazi za dola, na Imamu Ghazali katika Ihyau amezigawa hadiya kwa makusudio ya mtoaji: wako watoao kwa kutaka thawabu, na watakao malipo ya mali, na watakao msaada katika jambo maalumu, na wapendao tu, na wale wapendao kwa ajili ya jaha ya mtu. Na hawa wa mwisho akawapambanua: jaha ikiwa ni ya ilimu au nasaba, jambo ni jepesi kidogo, nalo lachukiza, ikiwa ni jaha ya hukumu na utawala, basi ni rishwa iliyokuja katika sura ya hadiya.

Hapa ndipo mimi nilipojificha, na sasa sharti niseme.

Mwaka 2005, ulipokuwa uchaguzi mkuu, dari ya madrasa yetu ilikuwa ya makuti, na mvua ikinyesha tulikuwa tukiifunga misahafu katika nailoni na kuwapeleka watoto nyumbani. Mtu mmoja aliyekuwa akigombea (jina lake halitutii faida) akatuletea mabati arubaini. Hakuwa ametuletea hata msumari kabla ya mwaka ule. Nikayapokea. Watoto wakayabeba vichwani kutoka barabarani, nikawaweka chini wakasoma Yasini kwa kumwombea, na baada ya darsa ya Ijumaa nikawaambia wazee kuwa mtu huyu ana kheri na ana dini. Nikajiambia: mimi si kadhi, sina cheo, jaha yangu ni ya ilimu tu, basi kwa kauli ya Ghazali likizidi ni jambo la kuchukiza. Wala sikuirudia kauli yake nyengine, ya atoaye kwa kutaka msaada katika jambo maalumu. Kwani nilichombwa si kupendwa: ni ushahidi wangu mbele ya watu kuwa huyu afaa, na ushahidi hauuzwi, hata ukiwa wa kweli. Na huu wangu sikujua kama ni wa kweli au wa uwongo. Sikumjua mtu yule.

Sasa tuingie mlango wa pili.

Katika wale watoto waliobeba mabati alikuwamo mmoja wa miaka kumi na mmoja, mwenye kuhifadhi upesi; alifika juzuu ya kumi na tano kwangu. Akakua, akaenda kusoma mbali, na aliporudi akawa karani katika ofisi moja ya serikali. Miaka hii ya karibuni ikajulikana kuwa haamini. Hakutangaza njiani; aliulizwa mbona haji Ijumaa, akajibu kwa adabu kuwa hakuona dalili ya kumtosha. Mji ukachemka. Na pamoja na hayo kila mtu ajua, ingawa husemwa kwa sauti ndogo, kuwa katika ofisi ile meza yake ndiyo pekee apitapo mjane na karatasi yake bila ya kufungua kitambaa cha pesa.

Mwenye nyumba aliyopanga ni mmoja katika wafadhili wa madrasa yetu. Akanijia barazani baada ya Isha, mbele ya watu, akaniuliza: "Maalim, yafaa kumtoa mtu huyu nyumbani mwangu?" Nikamwuliza amelipa hata lini. Akasema kodi ya miezi sita, na miwili imekwisha. Na hapa hukumu haina uzito: ijara katika madhehebu yetu ni mapatano yenye kulazimu pande zote mbili, wala hayavunjiki kwa itikadi ya mpangaji. Miezi minne iliyobaki ni mali yake. Mtoto wa mwaka wa tatu ajua haya. Lakini mimi nikasema, "Tutatazama," kwa sababu ya yule aulizaye, na nikatazama siku tatu.

Usiku wa nne yule kijana akaja kwangu mwenyewe. Akasema, "Shikamoo, Maalim." Nikamwitikia marahaba. (Wako walioniuliza baadaye kama yafaa kumwitikia. Shikamoo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, si salamu ya Kiislamu. Wala sijui tangu lini wazee wa pwani wakatae heshima.) Nilidhani kaja kwa shauri la nyumba, au kujadili kuwapo kwa Mungu, na nilikuwa nimeziweka tayari hoja zangu. Akasema, "Sikuja kujadili, Maalim. Nimekuja kuuliza khabari ya mabati."

Akanikumbusha kuwa khabari ya Ibn al-Lutbiyya niliwasomesha mwaka ule ule wa 2005, chini ya mabati yale yale, yakingali yang'aa. Akauliza, "Je, yule mgombea angalituletea lau kuwa wewe umekaa katika nyumba ya mama yako?" Sikuwa na la kumjibu. Nikamwuliza kama hilo ndilo lililomtoa katika dini. Akasema, "La, si hilo. Lakini siku nilipoanza kuingiwa na shaka, nilitafuta mtu wa kumwendea, na katika watu niliowafikiri wewe sikukufikiri."

Ndugu zangu, sitaki mtu asome khabari hii akafahamu nisilolisema. Uaminifu wa kijana yule haufanyi kauli yake kuwa kweli, wala mabati yangu hayaifanyi Kurani kuwa uwongo. Mwenye kukana Muumba amekosa jambo kubwa kuliko yote, na kauli yake si ngeni: Sura ya Al-Jathiya, aya ya 24, imewataja wale waliosema kuwa hawaangamizwi ila na dahari, yaani kupita kwa zama, na Imamu Ghazali akawahisabu Dahriyya kuwa kundi mbali katika wanafalsafa. Hatuchanganyi itikadi, wala hatukai katika kikao ambacho aya za Mwenyiezi Mungu zafanyiwa mzaha, hata wayaache wazungumze mengine; hili lapatikana katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 140. Mwenye kunitaka niseme kuwa kuamini na kutoamini ni mamoja, hataipata kwangu.

Lakini kukhalifiana naye katika itikadi ni jambo moja, na haki yake ni jambo jengine. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, yatuamrisha kuwa chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Na Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, haikukataza wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Sasa fikiri: kijana huyu hakumtoa mtu nyumbani mwake, ni sisi tuliotaka kumtoa mwake.

Na khabari ikusanyayo milango yetu miwili ni ya Abdullahi bin Rawaha, iliyomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtuma Khaibar kukadiria mazao ya tende baina ya Waislamu na Mayahudi. Wao wakamkusanyia mapambo ya wake zao wakamtaka ayapokee, awapunguzie makadirio. Akawaambia wazi kuwa hana mapenzi nao, lakini hilo halitamfanya awadhulumu. Na walichomletea ni rishwa, nayo ni haramu haliwi. Wakasema kuwa kwa uadilifu huu ndipo mbingu na ardhi zikasimama. Angalia, ewe msomaji: mkono ule ule ulioikataa rishwa ndio uliokataa dhulma. Lau angaliyapokea mapambo, angaliwadhulumu Waislamu. Lau angaliifuata chuki yake, angaliwadhulumu wale. Mwenye kuizoea moja haimshindi ya pili, na nafsi yangu ni shahidi, kwani mabati arubaini ndiyo yaliyonifundisha kusema "tutatazama" mbele ya mfadhili.

Na wala tusidhani kuwa watu wa namna hii ni mmoja mmoja wa kuhisabiwa kwa vidole. Katika hisabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019, zaidi ya watu 755,000 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu. Mwaka 2016 baadhi yao waliandikisha jumuiya huko Nairobi, na mwaka ule ule uandikishaji ukasimamishwa, pakawa na maneno mengi. Mimi sioni kuwa dini ya Mwenyiezi Mungu yahitaji daftari ya msajili kuilinda. Yahitaji mwalimu anayeweza kuendewa na mwenye shaka.

Siku ya pili nikamwendea mwenye nyumba, nikampa hukumu yake: miezi minne ni ya mpangaji. Akakasirika, na mchango wake wa madrasa ukakatika tangu mwezi ule. Kijana akakaa hata mwisho wa kodi, kisha akahama kwa khiari yake. Na Ijumaa iliyofuata nikawaambia wazee khabari ya mabati kama nilivyokuambia wewe.

Rishwa haimilikiwi na mwenye kuipokea; ni wajibu irudi kwa mwenyewe, na akikosekana ndipo iende katika maslaha ya Waislamu. Mwenyewe yu hai, ni mzee sasa. Mabati yale yameliwa na kutu, basi juu yetu ni badala yake. Nilipompelekea fungu la kwanza alicheka, akasema hataki. Nikamwambia si shauri la kutaka. Hata karatasi hii inapopigwa chapa tumekwisha kurudisha bei ya mabati ishirini na sita. Kijana yule aliposikia akaleta bei ya mawili. Baadhi ya wazee wakauliza kama yafaa kupokea, nikawaonyesha katika Bukhari mlango wa kupokea hadiya ya mushriki, na hadiya ya mfalme wa Ayla kwa Mtume (S.A.W.). Kisha nikauliza yale mawili ya Imamu Nawawi, kama ana haja kwangu na kama ni ada yake, na haja hana. Nikazipokea, nikamwandikia stakabadhi. Yamebaki kumi na manne.