Mazuku: upepo au mahali? Neno moja katika mpango wa mji wa Goma

Mji endelevu hupangwa kwa kufuata ardhi yake: maji yapite wapi, miti ibaki wapi, watu walale wapi. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba kwa Goma, mji niliozaliwa, sehemu ya ujuzi huo imo tayari ndani ya lugha. Nitachunguza neno moja tu: mazuku.

Goma umejengwa juu ya mawe ya volkeno, chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Lakini hata mlima ukitulia, gesi ya kaboni dioksidi hupenya katika nyufa za mawe. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa. Hivyo hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Ndiyo mazuku. Wataalamu wa volkeno wa nchi nyingine nao wamelichukua neno hilo katika maandishi yao.

Mara nyingi wao hulifasiri kuwa "upepo mbaya". Mimi nina shaka. Kwa maoni yangu, shina lake ni lile la kuzuka, yaani kutokea ghafla, kama katika mzuka. Hakuna upepo ndani yake. Tusikilize pia sentensi mbili za nyumbani:

1. Mazuku iliua mbuzi.
2. Pale kuko mazuku.

Katika ya kwanza, mazuku ni kiima, nayo inatenda. Katika ya pili, ambayo ndiyo onyo tunalopewa tukiwa watoto, neno limefungwa na mahali. Msemaji hasemi kwamba mazuku inakuja au inapita. Iko.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mama mdogo alinunua parseli kwa bei nafuu katika bonde dogo, upande wa Sake. Jirani mzee alimwonya: "Mama, pale kuko mazuku." Muuzaji akamtuliza: "Ni upepo tu, unapita." Alijenga chumba kimoja, akatanguliza kuku. Asubuhi ya tatu aliwakuta wote wamekufa sakafuni. Watoto walikuwa wahamie Jumamosi, walale kwenye mkeka.

Muuzaji na jirani walitaja kitu kilekile. Anayekiita upepo husubiri kipite. Anayekiita mahali hajengi. Mpangaji wa mji anahitaji maana ya pili, kwa sababu mahali panaweza kuchorwa kwenye ramani, pakazungushiwa uzio, pakaachwa bila nyumba. Vibao vya onyo navyo viseme kama jirani yule alivyosema, kwa Kiswahili cha Goma, si kwa Kifaransa peke yake.

Hapa tunayo kazi, sisi wanafunzi wa lugha: kuwauliza wazee majina ya mabonde, saa ambazo hawapitishi mifugo, na maneno wanayotumia kuonya, kabla kartie mpya hazijafunika mabonde hayo. Wanajiografia watapima gesi; sisi tutawaonyesha pa kuanzia. Nimeanza orodha na bonde lile la mama mdogo. Natafuta wenzangu wawili wa kuiendeleza.