Msichana, Wimbo na Jukwaa: Elimu ya Muziki katika Shule za Upili za Wasichana nchini Kenya

Utangulizi

Katika shule nyingi za upili za wasichana nchini Kenya, wimbo hufunzwa katika vyumba viwili visivyopigiana hodi. Katika chumba cha kwanza, mwalimu wa Kiswahili huorodhesha ubaoni bembezi, hodiya, kimai, wawe, nyiso na mbolezi, kisha akaeleza sifa na dhima ya kila aina. Katika chumba cha pili, mwalimu wa muziki au mlezi wa kwaya huandaa waimbaji kwa ajili ya mashindano. Msichana wa chumba cha kwanza aweza kufaulu mtihani bila kuwahi kuimba mbolezi hata moja. Yule wa chumba cha pili aweza kurudi na kombe kwa wimbo ambao maneno yake hayaelewi. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huu ni hasara kwa masomo yote mawili, na kwamba anayeumia zaidi ni msichana mwenyewe, ambaye jukwaa la shule huenda likawa ndilo la kwanza na la mwisho atakalolipanda.

Mwanamke kama Fanani

Si sahihi kudai kuwa shule ndiyo iliyompa mwanamke nafasi ya kuimba. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwanamke ndiye fanani wa bembezi, na nafasi yake katika mbolezi na nyimbo za arusi ni kubwa. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, hakupitia darasa la muziki, lakini sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928 na kuenea pwani nzima.

Mfano wa karibu zaidi ni wimbo wa taifa la Kenya. Lahani yake ilitokana na bembezi ya Wapokomo, jamii inayoishi kandokando ya Mto Tana. Iliandaliwa na jopo la wanamuziki watano, akiwamo Washington Omondi na Graham Hyslop, na ikaanza kutumika taifa lilipopata uhuru mwaka 1963. Kila asubuhi ya gwaride, basi, msichana huimba lahani iliyozaliwa katika utanzu wa akina mama wanaobembeleza watoto. Ni nadra kuelezwa hivyo darasani. Iwapo angeelezwa, dhana ya bembezi isingekuwa istilahi ya kukariri tu, bali jambo analolibeba kinywani mwake.

Fursa Zilizopo

Fursa kuu ya utendaji ni Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927. Shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi ya kitaifa, na baadhi ya washindi hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Humo mna nyimbo za kiasili, ngoma, upigaji wa ala, kwaya zenye mtindo wa Kimagharibi, na ushairi wa kukaririwa, ukiwamo wa Kiswahili.

Darasani, muziki umekuwa somo la hiari katika mtihani wa kidato cha nne. Mtihani huo una karatasi tatu: utendaji, usikilizaji na nadharia. Kwa kuwa somo ni la hiari na linahitaji mwalimu mahususi pamoja na ala, ni wanafunzi wachache wanaolichukua. Matokeo yake ni kwamba kwa wasichana wengi, elimu ya muziki ni kwaya, na kwaya ni msimu wa mashindano. Shule ikitolewa mapema, mazoezi hukoma na ngoma hufungiwa ghalani hadi mwaka unaofuata.

Matatizo Matatu ya Jukwaa la Wasichana

Tatizo la kwanza ni la sauti. Tungo nyingi za kwaya huandikwa kwa sauti nne, mbili za juu za wanawake na mbili za chini za wanaume. Shule ya wasichana haina hizo mbili za chini. Hata hivyo, hili si jambo geni. Katika makao ya Ospedale della Pietà mjini Venice, ambako Antonio Vivaldi alianza kufundisha mwaka 1703, waimbaji na wapigaji ala walikuwa wa kike watupu, nao walijizolea sifa Ulaya nzima. Mwalimu wa Kenya ana njia iliyo rahisi zaidi: nyimbo nyingi za kiasili hujengwa juu ya mwimbishaji na waitikiaji, muundo usiodai sauti za kiume.

Tatizo la pili ni la ala. Nyatiti ya Waluo, kwa mfano, kimapokeo ilikuwa ala ya wanaume. Msichana anapoketi kuipiga mbele ya hadhira, si kwamba anaonyesha ufundi wa vidole tu. Anagusa mpaka uliowekwa na jamii. Jambo hili lafaa kujadiliwa na wanafunzi kabla ya onyesho, ili mpigaji ajue anavuka nini na kwa nini.

Tatizo la tatu, na ndilo zito zaidi, ni la maneno. Chukua mfano wa nyiso. Sheria ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji nchini Kenya. Kwaya ya wasichana ikiletewa wimbo uliosifu tendo hilo kwa sababu tu mdundo wake unavutia, mwalimu hana budi kuamua: auache, abadilishe maneno, au aufunze kama kumbukumbu pamoja na maelezo ya muktadha wake. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu anayesikiliza lahani peke yake. Unahitaji mhakiki wa fasihi.

Mchango wa Taaluma ya Kiswahili

Lahani nayo humhitaji mwanaisimu. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Neno barabara likitiwa mkazo katika silabi ya tatu, yaani ba-ra-BA-ra, huwa ni njia. Likitiwa katika ya pili, ba-RA-ba-ra, huwa na maana ya sawasawa. Mtunzi anayeweka noti ndefu au pigo zito mahali pasipofaa hupotosha neno, na msikilizaji hulazimika kukisia. Kasoro hii husikika mara kwa mara katika nyimbo ambazo maneno yake ya Kiswahili yalibandikwa juu ya lahani za kigeni. Mwanafunzi aliyefunzwa mkazo katika somo la lugha ana silaha tayari. Kilichobaki ni kuonyeshwa kwamba silaha hiyo hutumika pia katika chumba cha pili.

Kwa msingi huo, hatua tatu zinawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, somo la nyimbo katika fasihi simulizi lifunzwe kwa utendaji, kila kikundi kikikusanya wimbo mmoja kutoka kwa jamaa wa kike na kuuimba darasani pamoja na maelezo ya fanani, hadhira na muktadha. Pili, mwalimu wa Kiswahili ashirikishwe katika uteuzi na uhariri wa maneno ya kwaya. Tatu, kila muhula uwe na onyesho la shuleni lisilo na mashindano, ili asiyeteuliwa kwenda tamashani naye apate hadhira.

Hitimisho

Mwanzoni mwa mwaka 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia shule ya upili ya juu, ambako sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Nafasi imefunguliwa kimaandishi. Iwapo itafunguka kwa vitendo katika shule za wasichana kutategemea ala, walimu na muda, lakini pia kutategemea namna wimbo unavyotazamwa. Wimbo ni neno na sauti kwa pamoja. Msichana akifunzwa kimojawapo tu, huenda akaimba vizuri asijue asemalo, au akajua la kusema asiwe na sauti ya kulisemea.