Mwamini na Mwaminifu

Masomo: Mathayo 21:28–32, Warumi 2:12–16, Yakobo 2:14–19



Somo letu safari hii laanza na sarufi kidogo, nanyi mtanisamehe, maana mwalimu hata akistaafu chaki haimtoki vidoleni. Katika Kiswahili chetu maneno mwamini na mwaminifu ni ndugu wa tumbo moja. Mwamini ni yule anayemwamini Mungu. Mwaminifu ni yule ambaye wengine waweza kumwamini yeye, kwa fedha, kwa siri, kwa ufunguo wa ghala. Shina hilo hilo ndilo lililotuzalia neno amana, yaani kitu unachokiweka kwa mwenzako ukijua kwamba siku ya kukitaka utakikuta. Hata Amina tuitikiayo mwishoni mwa sala imetoka kwa Waebrania, nayo ni jamaa ya maneno hayo; maana yake ni jambo lililo imara, lisilotikisika.

Basi kwa kuwa maneno yamekaribiana hivi, twadhani upesi kwamba na watu ni wale wale: mwamini ndiye mwaminifu, na asiyeamini si wa kuaminiwa. Je, ni kweli? Imani ya mtu kwa Mungu yabadili uaminifu wake na tabia yake, au haibadili?

Swali hili si la vitabuni tu. Tazameni wakati wa kuchagua viongozi wa mtaa, au wa kikundi cha kuweka na kukopa. Neno litakalosemwa mapema kuliko mengine ni hili: mchagueni fulani, ni mcha Mungu. Watu hutikisa kichwa, na hesabu zake haziulizwi tena. Hata mnunuzi wa mahindi akishuka njia panda ya Makambako, wapo watakaotaka kujua anasali wapi kabla ya kuitazama mizani yake. (Mimi ningeanza na mizani.)

Wazo hili ni la zamani. Kabla ya mahakama hizi wazee wetu wa kusini walikuwa na mwavi. Mtu aliyeshtakiwa alinyweshwa sumu. Akitapika ni mkweli, akifa basi alikuwa na hatia. Waliamini kwamba nguvu isiyoonekana ingemchambua mkweli na mwongo. Twaucheka mwavi sasa, lakini wengi wetu twakitazama kiapo cha mahakamani kwa jicho lile lile, kana kwamba Biblia ikishikwa na mkono mwongo itauunguza.

Sheria ya nchi yetu haifikiri hivyo. Sheria ya viapo ya mwaka 1966 yamtaka shahidi Mkristo aape, na asiye Mkristo athibitishe. Ndugu zetu Waislamu na Wahindu huthibitisha, na mtu asiye na dini vilevile. Baada ya hapo hakimu hasemi kwamba huyu kashika Kitabu kwa hiyo asadikiwe, na huyu hakushika kwa hiyo atiliwe shaka. Husikiliza maneno yenyewe, akayalinganisha na ya wengine. Aliyeapa na aliyethibitisha, wakisema uongo, kosa lao ni moja.

Lakini kwa watoto mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa watoto ndio kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Hadi mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 alipoletwa mahakamani kutoa ushahidi, hakimu alipaswa kwanza kumhoji aone kama anafahamu maana ya kiapo. Kwa kawaida maswali yalikuwa kama haya: Unasali? Unasali wapi? Mtu akisema uongo Mungu humfanya nini? Mtoto aliyejibu vizuri aliapishwa. Zikatokea kesi za watoto waliotendewa unyama mkubwa, ushahidi wao ukatupwa au ukapungua nguvu, kwa sababu mahojiano yale hayakufanywa, au yalifanywa yasiandikwe sawasawa. Mwaka huo wa 2016 Bunge likabadili kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi. Sasa mtoto wa umri huo aweza kutoa ushahidi bila kiapo wala kuthibitisha, mradi aahidi kwanza kwamba atasema kweli na hatasema uongo.

Wapo waliosikitika kusikia hivyo, wakaona kwamba Mungu ametolewa mahakamani. Mimi sikusikitika. Katika miaka yangu darasani nimewasikia watoto waliojua katekisimu tangu mwanzo hata mwisho wakimsingizia mwenzao kwa uso mkavu. Nimewasikia pia watoto ambao kwao hakuna aliyewahi kuwafundisha hata Baba Yetu, wakisimama na kusema, mwalimu, dirisha nimelivunja mimi. Tena niliona jambo hili: mtoto husema kweli akiwa mbele ya mtu ambaye anajua atamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuinua fimbo. Kumhoji habari za jehanamu si njia ya kumpima. Wengine walisema uongo kwa kuiogopa hiyo jehanamu, pamoja na fimbo.

Wazungu nao walisumbuka sana na jambo hili. Mwaka 1689 ilichapishwa barua mashuhuri ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke ya kutetea uvumilivu katika dini. Lakini uvumilivu wake ulikuwa na mipaka: wanaomkana Mungu hakuwaruhusu, kwa kuwa aliona kwamba ahadi, mkataba na kiapo havina mshiko juu yao. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1880, wapiga kura wa mji wa Northampton walimchagua Charles Bradlaugh aende Bungeni. Bwana huyu hakuamini kuna Mungu, naye hakuficha. Aliomba athibitishe badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema, haya, nitaapa kama mtakavyo. Akakataliwa tena, kwa kuwa kiapo kwake hakina maana. Uchaguzi ukarudiwa mara kadhaa, na wenyeji wa Northampton wakamrudisha kila mara. Hakuketi kwa amani mpaka mwaka 1886, na mwaka 1888 ikapitishwa sheria ya kumruhusu kila mtu asiyetaka kuapa athibitishe.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Kama Bradlaugh angekuwa laghai, siku ya kwanza angeinua Biblia, akaapa, akaketi, wala hapana ambaye angemsumbua. Ukweli wake ndio uliomfungia mlango. Na wangapi humo ndani walikuwa wameapa bila kuamini, wakanyamaza? Mungu awajua.

Sisi tulioanza shule mwishoni mwa miaka ya 1960 tulikariri ahadi za mwana TANU. Zilikuwa 10. Zilimtaka mtu auone ubinadamu kuwa ni udugu, achukie rushwa, asitumie cheo kwa faida yake, aseme kweli, awe raia mwema na mtiifu. Katika zote 10 Mungu hatajwi. Kiongozi wa chama hicho, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki mwenye kusali sana, na bado alishikilia kwamba serikali haina dini, ila watu wake ndio wenye dini. Alijua kwamba Mkristo, Mwislamu, na mzee anayetambikia mizimu ya babu zake watalima shamba moja na kulinda mpaka mmoja. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilipokuja, askari hawakupangwa handakini kwa dini zao.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kama asiyeamini aweza kuwa mwaminifu, je, aaminiye aweza kuwa msaliti? Rwanda mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo watu wake wengi sana walikuwa wamebatizwa. Katika makanisa ya Ntarama na Nyamata watu walikimbilia ndani wakidhani nyumba ya Mungu ni salama, wakauawa humo humo. Waliouawa na wauaji wengi walikuwa wamefundishwa amri zile zile 10. Mapadre na wachungaji walifikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, na baadhi yao walipatikana na hatia. Nasi Waanglikana tusijitoe: askofu mmoja wa Kanisa letu alishtakiwa mahakamani hapo, akafa mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya kwamba kuamini kuwa Mungu yupo hata mashetani wanaamini, tena kwa kutetemeka.

Hapo msomaji atauliza: Kama ni hivyo, imani yafaa nini? Afadhali basi tukae nyumbani Jumapili.

La hasha. Ila kwanza tuulize uaminifu ni kwa nani, maana neno hili halikai peke yake. Mwezi Septemba 1905, wakati wa vita ya Maji Maji, Mtwa Mbeyela aliishambulia misioni ya Walutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Wenyeji Wakristo waliokuwa upande wa misioni, Wajerumani waliwahesabu waaminifu. Bila shaka watu wa Mbeyela waliwahesabu wasaliti. Walikuwa watu wale wale, siku ile ile. Mimi siwezi kuwahukumu, wala simhukumu Mbeyela aliyeilinda nchi yake.

Kule Buganda jambo hili lilifika mbali zaidi. Vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa watumishi wa jumba la Kabaka Mwanga. Kanisa lawakumbuka mashahidi wa miaka ile, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Hawakuwa waasi, walimtumikia mfalme wao kwa bidii. Lakini alipowataka jambo ambalo Mungu amelikataza, wakakataa, na kukataa huko kukaitwa uasi. Tusisahau kwamba miaka 10 hivi kabla yao Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, aliwaua Waislamu wengi kwa sababu ya namna hiyo hiyo: waliiweka sheria ya dini yao juu ya amri ya ikulu.

Halafu ikawa zamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin waliipekua nyumba yake wakitafuta silaha. Tarehe 10 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na upekuzi huo. Hawakuwapelekea maadui zake, walimwandikia yeye mwenyewe, kama raia anavyomwambia mkuu wake. Tarehe 16 akaitwa pamoja na viongozi wengine, akashtakiwa kwamba anapanga njama na Obote, ambaye siku hizo alikuwa mkimbizi hapa Tanzania. Siku hiyo hiyo akauawa, yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Tangu mwaka 2015 Uganda imeifanya tarehe 16 Februari kuwa sikukuu ya taifa kwa heshima ya mtu aliyeitwa msaliti wa taifa hilo.

Naona hapo ndipo imani inapofanya kazi yake. Haimwongezei mtu utii tu. Watiifu Amin alikuwa nao tele. Humpa mahali pa kusimama ambapo mkuu wake hapafikii, ili siku ya kuambiwa atende ovu aseme, hapa sipiti. Nchi yenye watu wa namna hiyo ina hasara gani? Asiyeamini naye aweza kupata mahali pa kusimama, sikatai. Mtume Paulo awaambia Warumi kwamba wako watu wasio na torati ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Lakini sisi tumeambiwa waziwazi, kila Jumapili, kwa lugha tunayoielewa. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake, kwa mujibu wa Luka 12, kipigo chake ni kikubwa kuliko cha yule asiyejua. Imani yangu si cheti cha kuwaonyesha majirani ili wasinikague. Ni deni, na jirani anayo haki ya kuuliza nimelipa kiasi gani.

Juu ya viapo, wengine wameniuliza kama Mkristo aruhusiwa kuapa, kwa kuwa Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo. Kifungu cha 39, ambacho ni cha mwisho katika vifungu vya Kanisa letu, chakataza kuapa ovyo, lakini chamruhusu Mkristo kuapa akitakiwa na hakimu, kwa jambo la haki na la kweli. Kuapa dukani kwa jina la Mungu ili debe la viazi lipate bei, hilo halimo.

Jumuiya zitakapokutana zisome kwanza Mathayo 21, habari za wana wawili, yule aliyesema naenda asiende, na yule aliyekataa kisha akaenda. Halafu zijadili jambo hili. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa chatafuta mweka hazina, na waliojitokeza ni wawili tu. Mmoja ni mzee wa kanisa, anasoma masomo vizuri sana ibadani, ila daftari la kikundi alilolishika mwaka juzi halikufungwa mpaka leo. Mwingine ni kijana fundi pikipiki, hasali popote, naye hajachelewesha rejesho hata mara moja. Semeni mtamchagua nani. Kisha semeni ni nani atakayekwenda kumweleza yule aliyeachwa, na atamwambia maneno gani.