Moto mtaani: tuhesabu, kisha tuulizane

Mkaaji wa Goma akisikia neno moto, hufikiria mlima kwanza. Ana haki. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Mlima una wataalamu wanaoupima, wale wa kituo cha volkano cha OVG. Lakini moto unaoanzia kwenye mbabula, mshumaa au waya wa umeme, nani anaupima?

Somo hili ni la kamati za mitaa, familia zilizokimbia vita na familia zilizozipokea. Tunahitaji vitu viwili, hesabu na maneno ya wakaaji. Mwaka 2002 ulionyesha sababu. Siku nne baada ya lava, kituo cha mafuta kililipuka mjini, kikaua makumi ya watu, wengi wao wakichota mafuta. Ramani ya lava haiwezi kuonyesha petroli iliko, wala nani ataikimbilia kwa sababu ya shida. Hayo hujulikana na watu wa mtaa.

Tuanze na hesabu. Daftari moja la shule linatosha. Andikeni kila moto, hata ule uliozimwa kwa bidoni moja ya maji: tarehe, saa, avenyu, chanzo, nyumba zilizoungua, watu walioumia, na jinsi ulivyozimwa. Msitegemee ofisi ya kartie peke yake, kwa maana moto mdogo haufiki huko. Ulizeni kituo cha afya, ambako waliochomeka hutibiwa, kisha makanisa, misikiti na walimu. Baada ya miezi kadhaa daftari litaanza kusema: labda ni saa za kupika jioni, labda ni kiangazi, labda ni usiku ule umeme unaporudi ghafla.

Daftari hili lisiwe na jina la mtu, kabila, wala kijiji alikotoka. Tunalisisitiza hili kuliko yote. Katika mkoa wetu orodha ya majina inaweza kuumiza kuliko moto wenyewe. Nyumba ikiungua, maneno huanza kabla majivu hayajapoa: "Ni wale wadeplase," au "Ni wenye nyumba, wanataka tutoke." Ukurasa unaosema "mshumaa uliangukia chandarua, saa tatu usiku" hutuliza maneno hayo. Ukiongeza jina la mwenye mshumaa, umewapa watu mtu wa kumshika.

Kisha tembeeni. Mwombeni chefu wa avenyu ruhusa, pitieni njia zote kwa miguu, halafu chorea ramani chini kwa makala na mawe. Wanawake wachore yao, vijana yao, wazee yao. Waliopokelewa wakae kando na waliowapokea, kwani mgeni hatasema mbele ya mwenye nyumba kwamba waya wa chumba chake unatoa cheche. Wanawake wanajua nani hupikia ndani mvua ikinyesha. Vijana wanajua wauza petroli wa chupa, wale tunaowaita kadhafi, huficha wapi mali yao usiku. Ulizeni pia mlemavu na mama mwenye watoto wadogo watatokea wapi.

Sasa pimeni kwa mawe madogo. Tuseme avenyu ya kwanza ilipata moto mara nne, na kila mara majirani waliuzima upesi. Avenyu ya pili haimo daftarini kabisa, lakini njia yake pekee imezibwa na vibanda vya mbao, na maji yako mbali. Weka mawe kwa mara moto unavyotokea, kisha mengine kwa watu wasioweza kutoka. Pengine avenyu ya pili ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Hesabu peke yake isingetuambia hivyo.

Kitabu cha Sphere kinashauri makambi yaache nafasi ya mita 30 kila baada ya mita 300 za makazi, na angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba. Katika Birere, ambako mbao za majirani karibu zinagusana, huo ni ushauri wa mbali. Lakini njia moja inaweza kufunguliwa, na petroli inaweza kuhamishwa. Kibanda cha nani kitasogezwa? Swali hilo lijibiwe barazani, pamoja na mwenye kibanda, na apewe mahali pengine kabla nyundo haijainuliwa. Mkimsogeza mgeni tu kwa sababu hana wa kumtetea, mmeanzisha ugomvi mwingine.

Rudieni kazi hii kila watu wanapohama. Makambi ya Bulengo na Kanyaruchinya yalijaa tangu 2022 na 2023, yakaachwa mwanzoni mwa 2025. Ramani zake hazisaidii familia ambayo sasa inalala katika chumba cha jirani huko Majengo au Ndosho.

Katika kikundi chenu, jadilini: Moto wa mwisho mtaani mwenu ulianzaje, na nani alilaumiwa? Je, alikuwa na nafasi ya kujibu? Moto ukizuka usiku wa leo, ufunguo wa bomba la maji lililo karibu uko kwa nani?