Mbao, Pamba na Safari Ndefu ya Majini

Ndugu msomaji, huenda unauliza: sisi watu wa Ipililo tunahusikaje na vyombo vya majini? Kwetu ni mashamba, ng'ombe na mbuga. Lakini ukisafiri kupitia Bariadi hadi Lamadi unafika Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Wako wenzetu wanaovuka na mazao kwenda visiwani, na wengine huvuka kwa mitumbwi ya mbao. Tena pamba, hii hii tunayoilima, ndiyo inayozuia maji yasipite kati ya ubao na ubao. Basi somo hili linatuhusu.

Tuanze na ndugu zetu wa pwani, maana kazi hii wameifanya miaka mingi sana. Majahazi yalisafiri kati ya Afrika Mashariki, Uarabuni na India kwa kufuata pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, iliyaleta kwetu. Kusi, kuanzia Aprili hivi, iliyarudisha. Katikati ya bahari hakuna fundi wa kumwita. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, chombo kilipandishwa ufukweni wakati wa maji makubwa. Maji yakishakupwa, mafundi wakakikagua ubao kwa ubao. Huko Lamu, na Nungwi kisiwani Unguja, ufundi huo upo hadi leo.

Fundi mzuri hashiki randa kwanza. Anatafuta ubovu. Anagonga ubao kwa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima unalia vizuri. Ubao uliooza unatoa sauti nzito, kama mtu anapiga gunia. Kisha anachoma kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, ubao huo haufai kabisa, hata kama rangi yake inang'aa.

Uozo huanza wapi? Huanza pale maji ya mvua yanapotuama: kwenye pembe, chini ya sakafu, na pale mlingoti unapokaa. Maji ya chumvi huzuia uozo kidogo, ila baharini yuko mdudu anayetoboa mbao ndani kwa ndani. Ziwani mdudu yule hayupo, kwani haishi kwenye maji baridi. Lakini maji yetu hayana chumvi, na kwa hiyo uozo ndio adui mkubwa wa mtumbwi wa ziwani.

Ubao mbovu ukatwe mpaka ufikie mti mzima. Ubao mpya uunganishwe na ule wa zamani kwa mshazari, si kwa kugusanisha ncha mbili tu. Kipimo kinachofaa ni hiki: urefu wa mshazari uwe mara 8 ya unene wa ubao. Ubao wa sentimita 3 unataka mshazari wa sentimita 24. Na viungo visipangwe vyote mahali pamoja. Vikiwa vimefuatana, chombo kitakatikia hapo hapo wimbi likikiinua.

Sasa mataruma, yaani mbavu za chombo. Taruma limepinda. Je, tuchukue ubao ulionyooka tuuchonge mpaka upinde? Hapana. Wewe mkulima unalijua jambo hili. Mpini wa jembe ukichongwa kwa kukata nyuzi za mti unavunjika siku ya kwanza. Ndiyo maana mafundi wa pwani hutafuta tawi ambalo limeota likiwa limepinda lenyewe. Nyuzi za mti zinafuata mpindo, na nguvu inabaki.

Msumari nao haupigwi hivi hivi. Kwanza tundu linatobolewa kwa keekee, ubao usipasuke. Kisha msumari unazungushiwa pamba yenye mafuta karibu na kichwa, ndipo unapigiliwa. Maji hayapati njia.

Tumefika kwenye pamba. Kuziba nafasi kati ya mbao huitwa kukalafati. Pamba inasokotwa nyuzi ndefu, inalowekwa mafuta, halafu inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Watu wa pwani hutumia mafuta ya nazi au ya ufuta. Baada ya hapo, sehemu inayokaa ndani ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki. Harufu yake ni kali mno, lakini ubao unaipenda!

Hapa pana jambo wengi wanalikosea. Chombo kikikaa juani muda mrefu mbao zinasinyaa, na nafasi zinakuwa pana. Mtu anashindilia pamba kwa nguvu zake zote, anafurahi. Chombo kikirudi majini mbao zinavimba. Ndiyo sababu shoka lililolegea tunaliloweka. Basi mbao zikivimba na pamba imejaa kupita kiasi, ubao unasukumwa hadi unang'oka kwenye misumari. Afadhali chombo kiwekwe kivulini, na pamba ishindiliwe kwa kiasi.

Ziwani utaona pia vipande vya bati vimepigiliwa juu ya viungo. Sisi hatuvipendi sana. Bati linaweza kukinga pamba, ni kweli, lakini linaficha uozo. Kabla ya safari ndefu bati liondolewe, ubao uchomwe kisu, ndipo lirudishwe.

Abiria naye atazame kabla hajapanda. Sakafuni kuna maji? Mtu anayakumba bila kupumzika hata mtumbwi ukiwa umefungwa mwaloni? Basi usipande, subiri mwingine. Na mbao nzima hazitoshi kama mzigo umezidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kile kilikuwa cha chuma, si cha mbao. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake.

Sasa chukua kalamu. Mtumbwi una viungo 10 vya kuzibwa, kila kimoja kina urefu wa mita 7. Kila kiungo kinataka nyuzi 3 za pamba. Je, fundi asokote mita ngapi? Na ubao wenye unene wa sentimita 4, mshazari wake uwe na urefu gani?